Mchungaji Mhafidhina na Swali la Nani Anakaribia Mezani

Ukitaka kumkera mchungaji wa Kilutheri mwenye msimamo wa kihafidhina, usihangaike kumwita mshamba au mtu wa zamani, hayo ameshayazoea. Mwite mlokole. Yeye anabatiza watoto wachanga, anavaa kanzu na stola, anaimba liturujia ileile waliyoiimba babu zake, anakunywa divai bila kumwomba mtu radhi, na anaamini kwa dhati kwamba mkate anaougawa madhabahuni ni mwili wa Kristo, si ukumbusho tu. Mhubiri wa mikutano ya uamsho anaweza kukubaliana naye neno kwa neno kuhusu ndoa za jinsia moja, na bado asikaribishwe Mezani pake, sawa na askofu wa kiliberali wa Stockholm.

Hilo ndilo linalopotea kila mara jina lake linapotajwa kwenye mijadala. Anaulizwa maswali kama mtu anayejaza fomu: wanawake kubarikiwa uchungaji? Hapana. Ndoa za jinsia moja? Hapana. Kusali pamoja na dini nyingine? Hapana. Hapana tatu, basi, ameshaeleweka. Lakini msimamo wake una mpangilio wa ndani, kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na bila mpangilio huo hapana zake zinafanana na za kila mtu aliyechukizwa na dunia ya leo. Nisiwafiche: naona ana hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na naona anajikwaa hasa pale anapousahau mpangilio wake mwenyewe.

Msingi wake ni Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kifungu cha 7 kinasema kwamba kwa umoja wa kweli wa Kanisa inatosha kukubaliana kuhusu mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti. Desturi zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Walutheri wa pande zote wanakipenda kifungu hiki, na wanagombana kwacho. Upande mmoja unasema: kumbe tunahitaji machache tu, mengine tuachiane. Mhafidhina anasema: ni machache, ndiyo, lakini hayo machache hayana mjadala, na anayeyaharibu hawezi kupiga magoti nami kwenye Meza moja. Kwake, kushiriki Chakula cha Bwana pamoja ni kutamka hadharani kwamba tunaungama jambo lilelile. Ukikubali hatua hiyo ya kwanza, mengi anayoyasema baadaye yanafuata yenyewe. Usipoikubali, atakuonekania mkatili.

Na wakati mwingine ni mkatili kweli. Tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye silaha aliwaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook mjini Newtown, Connecticut. Siku mbili baadaye mji mzima ulikusanyika kuomboleza. Rais Barack Obama alihutubia, na viongozi wa dini mbalimbali walipokezana kuomba. Baraka ya mwisho ilitolewa na mchungaji kijana wa Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1847 na ambalo hadi leo ndilo ngome kubwa ya Walutheri wahafidhina nchini Marekani. Sinodi hiyo ina kanuni ya zamani: mchungaji wake haongozi ibada ya mchanganyiko wa imani, kwa sababu watu wanaweza kudhani miungu yote inayoitwa pale ni mmoja. Rais wa sinodi, Matthew Harrison, akamtaka kijana yule aombe radhi. Akaomba. Habari ilipotoka Februari 2013, watu waliwaka hasira, na haikuchukua muda Harrison mwenyewe akaomba radhi kwa namna alivyolishughulikia jambo lile. Haikuwa mara ya kwanza. Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York, kiongozi mwingine wa sinodi hiyohiyo, David Benke, aliomba kwenye mkusanyiko wa dini mbalimbali katika uwanja wa Yankee. Alisimamishwa mwaka 2002, akarejeshwa mwaka 2003.

Kanuni yenyewe naielewa. Sala ya hadhara inasema kitu, na mtu asiyetaka kusema kitu hicho ana haki ya kukaa kimya. Ila mwombolezaji wa Newtown hakuja pale kulinganisha itikadi. Alikuja kwa sababu kuna majeneza madogo yanasubiri kuzikwa. Mchungaji aliyesimama mwisho kabisa na kulitaja jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu juu ya watu hao hakuficha anachoamini. Kama kuna mahali Injili ilihitaji kusikika usiku ule, ni pale. Mhafidhina anayemuadhibu mtu huyo analinda uzio na kuwasahau kondoo. Ndiyo maana hata ndani ya sinodi wengi walishindwa kumtetea Harrison, na yeye mwenyewe, kwa sifa yake, hakujitetea sana.

Tugeukie kule ambako ana nguvu. Agosti 2009, mjini Minneapolis, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani (ELCA) ulipigia kura tamko kuhusu maadili ya kujamiiana. Tamko hilo lilihitaji theluthi mbili. Kura za ndiyo zilikuwa 676, za hapana 338. Piga hesabu: ni theluthi mbili kamili, bila hata moja ya ziada. Mjumbe mmoja tu angebadili mawazo, tamko lingeanguka. Siku mbili baadaye, kwa wingi wa kawaida wa kura, mkutano ukafungua mlango wa watu walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja kuhudumu kama wachungaji. Mwaka uliofuata baadhi ya waliopinga wakaondoka na kuunda kanisa lao.

Mhafidhina akiitazama hesabu ile anauliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri: je, kabla ya kura ile kitendo fulani kilikuwa dhambi, na baada ya kura kikaacha kuwa dhambi? Na kama mjumbe yule mmoja angelala na mafua hotelini? Wenzake hujibu kwamba kura haikubadili kweli, ilitambua tu pale ambapo Roho amelifikisha Kanisa. Sawa, lakini jibu hilo linakata pande zote mbili. Juni 2016 sinodi ya Kanisa la Kilutheri la Latvia ilibadili katiba yake ili wanaume pekee ndio wabarikiwe uchungaji, na hapo napo ilitakiwa robo tatu ya kura, ikapatikana. Askofu Mkuu Jānis Vanags alikuwa ameshaacha kuwabariki wanawake tangu aliposhika kiti mwaka 1993, ingawa mmoja wa watangulizi wake, Jānis Matulis, aliwabariki wa kwanza mwaka 1975. Sikusikia wahafidhina wakilalamika kwamba kweli haipigiwi kura siku ile. Walishangilia.

Tofauti wanayoitoa ni kwamba kura inaweza kuungama kilichokuwepo, haiwezi kuzaa kipya. Nusu ya jibu hilo nainunua. Nusu nyingine inategemea nani anaamua kipi ni kipya, na hapo tunarudi tulikoanzia.

Tamko la Minneapolis lilikuja na tiba yake: dhamiri iliyofungwa. Lilikiri kwamba waumini wa ELCA wana maoni tofauti, likayaeleza, likasema kila mmoja aiheshimu dhamiri ya mwenzake. Lugha hiyo imetoka kwa Luther mwenyewe, aliposimama mbele ya Kaisari mjini Worms mwaka 1521 na kusema dhamiri yake imefungwa. Mhafidhina hapa hutabasamu kidogo. Luther, anakumbusha, alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Ukikikata kipande hicho cha sentensi, unabaki na mtu anayesema tu kwamba hataki. Ni hoja safi, na sidhani ina jibu rahisi.

Ila hoja yake ya pili kuhusu dhamiri ni ya historia, nayo inauma zaidi. Sweden ilipitisha sheria ya wanawake kuwa makasisi mwaka 1958, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1960. Wapinzani waliwekewa kifungu cha kulinda dhamiri zao. Mwaka 1982 kifungu kikafutwa. Miaka 24. Taratibu wale waliokuwa wamehakikishiwa nafasi wakajikuta hawana pa kubarikiwa, na vijana wenye msimamo wao wakafungiwa mlango. Kwa hiyo mhafidhina wa Marekani au wa Finland anapoambiwa "nafasi yako ipo", anatazama Sweden na kuuliza ipo hadi lini.

Mwaka 2003 Waswidi hao wakaunda Jimbo la Misioni, wakatafuta askofu wa kuwawekea mikono. Aliyekubali hakutoka Ujerumani wala Marekani. Tarehe 5 Februari 2005, mjini Göteborg, Askofu Walter Obare wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya alimweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu, licha ya pingamizi la Askofu Mkuu wa Uppsala, K. G. Hammar. Fikiria picha ile. Kanisa la Obare lilizaliwa na wamisionari Waswidi wa mrengo wa kihafidhina waliofika Kenya mwaka 1948. Sasa mjukuu anarudi nyumbani kwa babu kumbariki mjomba aliyefukuzwa. Obare alipoteza nafasi yake ya ushauri katika baraza la Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Olsson alivuliwa uchungaji katika Kanisa la Sweden.

Wapo waliosema Obare alitumiwa. Kauli hiyo naichukia, maana inamfanya Mwafrika aonekane hawezi kuwa na msimamo wake wa kitheolojia mpaka Mzungu fulani ampe. Obare alijieleza kirefu, kwa kunukuu maungamo, na unaweza kumpinga kwa maungamo hayohayo. Mpinge hivyo.

Hata hivyo, wanaopenda kuzungumzia "Walutheri wahafidhina wa Afrika" kama jeshi moja wamekosea. Kanisa la Kenya la Obare haliwabariki wanawake. Kanisa la Tanzania, KKKT, liliridhia mwaka 1990, na Mekane Yesus la Ethiopia nalo linao wachungaji wanawake. Makanisa haya mawili, yenye mamilioni ya waumini, yamekataa kata kata ndoa za jinsia moja na papo hapo yakasoma maneno ya Paulo kuhusu wanawake kunyamaza kwa namna ambayo Missouri na Latvia wanaiona ni kosa. Mhafidhina wa Missouri anadai huwezi kutenganisha mambo hayo mawili: ukilegeza 1 Timotheo 2 kuhusu wanawake kufundisha, kesho utailegeza Warumi 1 kuhusu mahusiano ya jinsia moja. Miaka zaidi ya thelathini ya KKKT inamkanusha. Anaweza kusema tusubiri. Tumesubiri.

Sasa hoja ambayo mimi naiona ndiyo moyo wake, na ambayo wapinzani wake mara nyingi hawaisikii kabisa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, sehemu ya maungamo, mchungaji anamuuliza anayetubu: je, unaamini kwamba msamaha wangu ni msamaha wa Mungu? Akijibu ndiyo, anaambiwa dhambi zake zimesamehewa. Hapo ndipo Ulutheri wote ulipo, mtu mmoja anamwambia mwingine kwa niaba ya Mungu kwamba deni limefutwa. Mhafidhina anasema: ukimtangazia mtu kwamba alichofanya si dhambi, hujamhurumia, umemnyima msamaha. Umemwacha na dhamiri yake usiku, peke yake, bila mtu mwenye mamlaka ya kumwambia "umesamehewa", kwa sababu kanisa lilishamwambia hakuna cha kusamehe. Kwa hiyo mzozo wa ndoa kwake haukai kwenye rafu ya maadili. Unagusa Injili moja kwa moja, na ndiyo maana haukubali uachwe chini ya "inatosha" ya kifungu cha 7.

Mkristo wa upande wa pili atasema: na kama si dhambi kweli, basi umembebesha mtu mzigo ambao Mungu hakumbebesha, na huo nao ni uharibifu wa Injili, ule hasa ambao Luther aliupigania dhidi ya Roma. Nadhani hapa ndipo mjadala wa kweli ulipo, kati ya watu wawili wanaoogopa kitu kilekile. Kelele nyingine zote ni za pembeni.

Lakini ukishaisema hoja hiyo ya msamaha, imekufunga. Huwezi kuitumia kwa dhambi moja. Mwaka 1540 Luther aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya wala riba, na hakuishia kwenye kukemea: mla riba asiyetubu anyimwe ondoleo la dhambi na Sakramenti. Je, ni wachungaji wangapi wahafidhina wa leo wanaomnyima Meza mzee wa usharika anayekopesha jirani zake kwa riba ya kuwanyonya? Na walioachana kisha wakaoa tena? Makanisa mengi ya kihafidhina yalishajifunza kuyapitia mambo hayo kichungaji, mtu kwa mtu, kwa subira, faragha. Nawapongeza. Ila subira hiyohiyo wanaponyimwa watu wa kundi moja tu, mpangilio umevunjika, na kilichobaki ni hisia za jamii zilizovalishwa kanzu.

Luther mwenyewe hawasaidii sana katika jambo hili, na wanaomnukuu kila Jumapili wangefanya vyema kulikumbuka. Desemba 1539 yeye na mwenzake Melanchthon walimpa mtawala Filipo wa Hesse ushauri wa siri uliomruhusu kuoa mke wa pili akiwa na wa kwanza. Ndoa ikafungwa Machi 1540, na siri ilipovuja Luther alishauri ikanushwe. Yaani mwaka uleule wa mla riba kunyimwa Meza, mtawala alipata njia ya mkato. Na katika kitabu chake kidogo cha ndoa cha mwaka 1529 aliandika kwamba ndoa ni jambo la kidunia, wachungaji wasiitungie sheria. Wapenda mabadiliko huokota sentensi hiyo kwa furaha, ingawa Luther hakuwa na maana yao hata kidogo. Ninachosema ni kwamba anayetafuta ukoo ulionyooka wa msimamo wake hataupata Wittenberg kwa Luther.

Kuna hoja moja ya kihafidhina ambayo ningependa iachwe kabisa: ile ya idadi. Eti makanisa ya kiliberali yanakufa kwa sababu ya uliberali. ELCA ilianza mwaka 1988 ikiwa na zaidi ya waumini milioni 5, leo iko chini ya milioni 3. Ni kweli. Sinodi ya Missouri ilikuwa na karibu milioni 2.8 mwanzoni mwa miaka ya 1970, leo iko chini ya milioni 2, na hiyo ndiyo sinodi ambayo mwaka 1974 ilishuhudia walimu na wanafunzi wengi wakitoka kwa maandamano katika chuo chake cha Concordia, St. Louis, baada ya sinodi kushikilia kwamba mafundisho yabaki safi. Watoto wachache na miji inayohama haviulizi una theolojia gani. Na mtu anayeamini kweli kwamba Kanisa lipo pale Injili inapohubiriwa, wakiwa watu watatu au elfu tatu, hana biashara na takwimu za mahudhurio.

Kuhusu Finland nitasema kwa ufupi, kwa sababu pale naona haki iko wazi. Askofu Juhana Pohjola na mbunge Päivi Räsänen walishtakiwa kwa uchochezi dhidi ya kundi la watu, Pohjola kwa kuchapisha kijitabu cha Räsänen kuhusu ndoa kilichotoka mwaka 2004. Mahakama ya wilaya iliwaachia Machi 2022, ya rufaa ikawaachia Novemba 2023, na mwendesha mashtaka akalipeleka shauri Mahakama ya Juu. Unaweza kuona kijitabu kile kina maneno yanayoumiza, mimi naona hivyo, na bado ukakataa kwamba mahakama ya jinai ndiyo mahali pa kuamua tafsiri ya Warumi.

Jambo gumu kuliko yote liko ndani ya Fungamano lenyewe. Mwaka 2010 KKKT, katika Tamko la Dodoma, lilisema halitapokea fedha wala msaada kutoka kwa wanaohalalisha ndoa za jinsia moja. Mwaka 2013 Mekane Yesus lilivunja uhusiano na ELCA na Kanisa la Sweden, na kuwaagiza watu wake wasishiriki Chakula cha Bwana kutoka kwa viongozi na wachungaji wa makanisa hayo. Wakati huohuo wote wanne wamebaki wanachama wa Fungamano, ambalo tangu mkutano wa Budapest wa mwaka 1984 linatambua kwamba makanisa wanachama yana ushirika wa mimbara na madhabahu. Kwa karatasi, wanakula Meza moja. Kwa azimio la Addis Ababa, hawali.

Mhafidhina wa Missouri, ambaye hajawahi kujiunga na Fungamano, anaona huu ni unafiki na anataka Waafrika watoke. Wakubwa wa Geneva, makao makuu ya Fungamano, wangependa azimio lile lisahaulike polepole. Waethiopia mwaka ule wa 2013 hawakuchagua lolote kati ya hayo mawili: walibaki wanachama wa Fungamano, na papo hapo wakakataa kushiriki Sakramenti na makanisa hayo. Sijui kama Flacius, mwanafunzi wa Luther asiyetaka maridhiano, au Melanchthon, mpenda maridhiano, angeukubali mpango huo. Mimi naukubali, walau kwa sasa, kwa sababu ndio pekee unaowalazimisha pande zote mbili kuendelea kuelezana sababu.